Kusoma ng'ambo kwa mkopo wa serikali ya Marekani: hesabu, fomu na mitego yake

Kijana mwenye uraia wa Marekani au grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, anaweza kusomea shahada nzima Edinburgh, Dublin au Montreal kwa mkopo uleule wa serikali ambao angeutumia Ohio au Minnesota. Si lazima awe anaishi Marekani. Aliyezaliwa Houston akalelewa Arusha au Mombasa ana haki ileile, mradi uraia wake umo kwenye hati. Bodi za mikopo za Tanzania na Kenya, HESLB na HELB, zimejengwa hasa kwa masomo ya karibu na nyumbani, kwa hiyo familia yenye mguu mmoja Marekani inafaa iuangalie mlango huu kwanza.

Mlango upo, ila una matatizo mawili ambayo huwafika watu wakiwa wameshalipia tiketi: fedha hazitoshi, na zinachelewa. Yote mawili yanaweza kupimwa mapema, na yapimwe kabla kijana hajaijibu barua ya udahili.

Hesabu kabla ya fomu

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi anaweza kukopa kwa jina lake dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 mwaka wa pili, na 7,500 kila mwaka unaofuata. Kikomo cha jumla ni dola 31,000. Anayehesabiwa kuwa anajitegemea anapata 9,500, kisha 10,500, kisha 12,500, na kikomo chake ni 57,500. Kujitegemea hakumaanishi kwamba kijana amehama nyumbani. Maana yake ni kwamba ametimiza miaka 24, au ameoa au kuolewa, au ana mtoto anayemlea, au alitumikia jeshi la Marekani, au hakuwa na mzazi aliye hai, au alikuwa chini ya ulezi wa mahakama, wakati wowote baada ya kutimiza miaka 13. Vijana waliokuja kama wakimbizi bila wazazi wasome kipengele hiki kwa makini, maana wengi wao hujaza fomu kana kwamba bado wako chini ya mtu.

Juu ya mkopo wa kijana kuna mkopo wa mzazi, unaoitwa Parent PLUS. Zamani mzazi aliweza kukopa pengo lote lililobaki. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 imeufunga mlango huo: kuanzia 1 Julai 2026, mkopaji mpya haruhusiwi kuzidisha dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, wala dola 65,000 kwa masomo yote ya mtoto huyo. Waliokuwa wamekwisha kukopea kozi hiyohiyo kabla ya tarehe hiyo wamepewa muda wa kuendelea na utaratibu wa zamani, usiozidi miaka mitatu.

Sasa weka namba mezani. Tuseme ada ni pauni 26,000 kwa mwaka na maisha ni pauni 13,000. Jumla ni pauni 39,000, na pauni ikiwa dola 1.30 inafika dola 50,700. Kijana anakopa 5,500, mzazi 20,000. Lakini kuna makato yanayotolewa kabla fedha hazijatoka: kwa viwango vya mwaka wa masomo 2025/26 ni asilimia 1.057 kwa mkopo wa kijana na asilimia 4.228 kwa mkopo wa mzazi. Kwenye dola 20,000 za mzazi zinatoka 845.60. Kinachofika chuoni ni kama dola 24,600, na pengo la mwaka wa kwanza ni zaidi ya dola 26,000. Pauni ikipanda hadi 1.40 baada ya mkopo kupitishwa, mahitaji yanakuwa 54,600 ilhali vikomo vya mkopo viko palepale kwa dola.

Kikomo cha 65,000 kina matokeo ambayo wachache huyaona. Shahada ya kwanza Uingereza kwa kawaida ni miaka mitatu, na Scotland ni minne. Mzazi anayekopa 20,000 kila mwaka anamaliza miaka mitatu akiwa ametumia 60,000, bado yumo ndani. Akiwa na mtoto Scotland, mwaka wa nne anabakiwa na dola 5,000 tu. Kijana anaongeza 7,500 zake, na mwaka wenye gharama za dola 50,000 unafikiwa na mkopo wa 12,500. Anayekwenda St Andrews, Glasgow au Edinburgh agawe ile 65,000 kwa miaka minne tangu mwanzo, yaani 16,250 kwa mwaka, na atafute pengo kubwa zaidi sasa badala ya kulikuta mwishoni wakati mtihani wa mwisho uko mlangoni.

Kwa shahada ya uzamili hesabu ni fupi zaidi. Mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa ukifunika kila kitu, umeondolewa kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Kimebaki kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Kozi za taaluma kama udaktari wa tiba na shahada ya sheria ya JD zina 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Uzamili wa mwaka mmoja Uingereza kwa mkopo huu peke yake sasa ni vigumu, labda iwepo fedha nyingine kando.

Pengo lijazwe na nini? Akiba ya mpango wa 529, akaunti ya Marekani ya kuwekea fedha za masomo, inaruhusiwa ng'ambo, mradi chuo kinashiriki mikopo ya serikali. Wazazi wengi hudhani ni ya vyuo vya Marekani tu. Ufadhili wa chuo chenyewe uombwe pamoja na udahili, maana baadaye huwa umekwisha. Mkopo wa benki upo pia, lakini karibu kila mara unadai mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo, na hauna kinga za mkopo wa serikali. Usimwombe mjomba au shangazi asaini bila kumweleza wazi kwamba deni ni lake pia, tangu siku ya kwanza. Mapato ya vibarua yasiingizwe kwenye hesabu hii: viza ya mwanafunzi Uingereza inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kazi hupatikana baada ya kufika, si kabla.

Chuo kiwe kwenye orodha, na kozi iwe inakubalika

Wizara ya Elimu ya Marekani inatoa orodha ya vyuo vya nje vinavyoshiriki kwenye tovuti ya studentaid.gov. Soma kwa uangalifu, kwani vyuo vingine viko kwenye kumbukumbu za wizara kwa ajili ya kuahirisha malipo ya mikopo ya zamani tu, na havitoi mikopo mipya. Dawa ni kumwandikia afisa wa mikopo ya Marekani katika chuo husika na kumuuliza maswali mawili: je, mnatoa mikopo mipya mwaka huu, na je, kozi hii yenye jina hili inakubalika? Jibu liwe kwa barua pepe, ulihifadhi.

Swali la pili ndilo linalowaangusha wengi. Chuo kinaweza kukubalika na kozi ikakataliwa. Kozi zinazofundishwa kwa mtandao, hata kwa sehemu, zina matatizo. Usichague somo la mtandaoni bila kumuuliza afisa, hata kama ratiba inakuruhusu. Mwaka wa maandalizi kabla ya shahada kwa kawaida haufadhiliwi. Uuguzi, ambao familia zetu wanaupenda sana, una masharti yake ya ziada, na vyuo vingi vya Uingereza vinasema wazi kwamba haumo. Vyuo vya tiba navyo vina vigezo vyao tofauti, kwa hiyo jina kubwa la chuo si ushahidi kwamba kitivo chake cha tiba kinakubalika. Na kozi yenye muhula wa kubadilishana katika nchi ya tatu inaweza kuharibika kwa muhula huo mmoja.

Kujaza FAFSA

Fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ni moja, FAFSA, na ni ya bure. Anayekutoza fedha kuijaza anakuuzia kitu ambacho serikali haiuzi. Kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa masomo ya mwaka unaofuata, na hutumia mapato ya miaka miwili nyuma: ya 2026/27 inauliza mapato ya 2024.

Kwanza kijana afungue akaunti ya studentaid.gov, na mzazi anayehusika afungue ya kwake. Msitumie akaunti moja, wala barua pepe moja, wala simu moja. Mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani anaweza kufungua akaunti bila namba hiyo. Ajaze jina na anwani kwa herufi zilezile zitakazokuwa kwenye fomu ya mtoto. Jina lililoandikwa Mohamed upande mmoja na Mohammed upande wa pili linatosha kuzuia mwaliko wa mzazi kufika.

Ndani ya fomu, kila mhusika hutoa ridhaa taarifa zake za kodi zichukuliwe na serikali. Ridhaa hii inatakiwa hata kwa asiyewahi kulipa kodi Marekani, na ikikosekana hakuna msaada wowote. Mzazi aliyeko Dar es Salaam au Bujumbura ataandika mapato yake mwenyewe, akiyageuza kuwa dola kwa kiwango cha siku anayojaza. Ahifadhi karatasi ya mshahara na picha ya kiwango alichotumia, kwani chuo kinaweza kuviomba.

Kwenye sehemu ya vyuo, tafuta chuo kwa jina au kwa msimbo wake. Misimbo ya vyuo vya nje mara nyingi huanza na herufi G. Ukishatuma utapata muhtasari wenye namba ya SAI, inayoonyesha uwezo wa familia kwa mizani ya serikali. Msaada wa bure wa Pell hautolewi kwenye vyuo vya nje, kwa hiyo usiuweke kwenye hesabu hata kama muhtasari unasema kijana anastahili.

Karatasi za chuo

FAFSA peke yake haikuletei senti. Chuo cha nje kinakutaka uwatumie muhtasari ule na fomu yao ya kuomba kiasi. Kwenye studentaid.gov kuna mengine mawili: mafunzo mafupi ya mkopaji wa mara ya kwanza, na hati ya ahadi ya kulipa, iitwayo MPN. Mzazi anasaini MPN yake ya PLUS, tofauti na ya kijana.

Ombi la PLUS linachungulia historia ya mikopo ya mzazi. Hakuna kiwango cha mshahara, lakini anakataliwa kama ana madeni yaliyochelewa siku 90 au zaidi na jumla yake inapita dola 2,085, au kama amefilisika kisheria ndani ya miaka mitano. Kukataliwa si mwisho. Anaweza kumleta mdhamini, au kijana mwenyewe akaongezewa mkopo wake: hadi dola 4,000 zaidi katika miaka miwili ya kwanza na hadi 5,000 baada ya hapo. Nyongeza hiyohiyo inaweza kuombwa pale ambapo mzazi hana uraia wala grinikadi, kwani huyo hawezi kukopa PLUS kabisa. Maafisa wengi hawaitaji wenyewe. Omba kwa maandishi.

Chuo kisha kinapiga gharama ya mwaka: ada, chumba, chakula, vitabu, nauli. Uliza kama wamehesabu viza na bima ya afya. Kama hawajaziingiza, tuma risiti uombe zihesabiwe.

Viza na barua ya mkopo

Tuchukue Uingereza, kwa sababu huko ndiko barua ya mkopo inakochunguzwa sana. Barua itoke chuoni, itaje kiasi, ionyeshe kuwa ni mkopo wa serikali, isiwe na masharti mengine zaidi ya kupata viza, na tarehe yake isizidi miezi sita kabla ya ombi. Mkopo haudaiwi kukaa benki siku 28, lakini fedha zako mwenyewe za kujazia pengo zinadaiwa: zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Mtu hutoa dola mia mbili kulipia tiketi siku ya 20, salio likashuka, na hesabu ikaanza upya. Zikiwa kwenye akaunti ya mzazi, ambatisha cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kuruhusu zitumike.

Raia wa Marekani kwa kawaida haambatishi ushahidi huu, ingawa anaweza kuitishwa wakati wowote. Mwenye grinikadi anayesafiri kwa pasipoti ya Kongo, Kenya au Tanzania anauambatisha tangu mwanzo.

Fedha zinafika lini

Mkopo hutolewa kwa awamu, angalau mbili kwa mwaka, na huingia kwanza kwenye akaunti ya ada. Kinachobaki baada ya ada ya awamu hiyo ndicho mwanafunzi anachopewa, baada ya kujisajili na kuonekana darasani. Mkopaji wa mara ya kwanza wa mwaka wa kwanza anaweza kusubirishwa siku 30 tangu masomo yaanze. Ukiongeza siku za benki, na muda wa kufungua akaunti ya benki ya huko, mwezi na nusu bila fedha ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo kijana anaondoka na fedha zake taslimu za: nauli, viza, ambayo ilikuwa pauni 524 kuanzia Aprili 2025, ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa yote kwa pamoja wakati wa kuomba, amana ya chumba na kodi ya mwezi wa kwanza, na chakula cha wiki sita. Viza na afya peke yake kwa kozi ya miaka mitatu ni takriban pauni 2,850 au zaidi, kabla hajapanda ndege, na mkopo haufiki kuzilipa kwa wakati. Familia ikichanga, ichangie hapa kwanza. Harambee ya kulipia ada yenyewe inaweza kungoja awamu ya pili.

Kama fedha zimezidi mahitaji, rudisha. Ndani ya siku 120 tangu zitolewe, kiasi unachorudisha hakitozwi riba wala makato.

Riba, na wanaoikwepa

Kwa mikopo ya 2025/26 riba ilikuwa asilimia 6.39 kwa shahada ya kwanza, 7.94 kwa uzamili na 8.94 kwa mkopo wa mzazi. Viwango vya mikopo mipya hubadilika kila 1 Julai. Uliokwisha kuchukua haubadiliki. Dola 20,000 za mzazi kwa asilimia 8.94 zinazaa dola 1,788 kwa mwaka, hata kama ameomba kuahirishiwa malipo mpaka mtoto amalize. Mzazi anayeweza kulipa riba hiyo kila mwezi, kama dola 149, alipe.

Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba, serikali haina mkopo unaoitwa wa bila riba. Hata hivyo kuna sehemu ya mkopo wa kijana yenye ruzuku, ambayo kwenye fomu inaandikwa Direct Subsidized. Hutolewa kwa kuangalia mahitaji, hadi 3,500 mwaka wa kwanza, 4,500 wa pili na 5,500 kila mwaka baadaye. Riba yake hailimbikizwi kwa mkopaji akiwa masomoni wala katika miezi sita baada ya kumaliza. Aliyechukua 13,500 kwa miaka mitatu na kuzimaliza ndani ya miezi hiyo sita hatalipa riba hata dola moja. Yale makato ya mwanzo ndiyo yanabaki, na hukumu yake aulizwe shehe. Chuo kikikupa mkopo wenye ruzuku na usio na ruzuku pamoja, unaruhusiwa kuchukua wa kwanza na kuukataa wa pili.

Ukifeli au ukiacha katikati

Ukiacha kabla ya asilimia 60 ya kipindi kupita, chuo kinapiga hesabu ya siku. Kipindi cha siku 100, ukaondoka siku ya 30: umestahili asilimia 30 ya mkopo, na sehemu isiyostahili hurudishwa. Chuo kinaweza kubaki kinakudai ada ileile ambayo mkopo ulikuwa umeilipa. Kwa hiyo ukiugua au ukifiwa, usipande ndege kimyakimya. Nenda kwa afisa wa mikopo kwanza, kwani siku chache zinaweza kubadilisha deni kwa maelfu. Anayerudia mtihani Agosti ajue kwamba fedha za mwaka unaofuata zinaweza kusubiri matokeo hayo.

Kama una grinikadi tu

Grinikadi inakupa mkopo, lakini kukaa nje kunaweza kukunyang'anya grinikadi. Ukikaa zaidi ya mwaka mmoja mfululizo bila kibali cha kurudi, unaweza kuhesabiwa kuwa umeuacha ukaazi. Kibali hicho huombwa kwa fomu I-131 ukiwa bado ndani ya Marekani, na kwa kawaida kinadumu miaka miwili, pungufu ya shahada ya kwanza. Zaidi ya hapo, safari ya zaidi ya miezi sita inaweza kukata hesabu ya miaka mitano ya kuomba uraia. Aliyebakiza mwaka mmoja au miwili kufikia uraia ni afadhali aanze masomo Marekani, achukue uraia, kisha ahamie ng'ambo. Aliyeingia kama mkimbizi kwa kawaida husafiri kwa hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayodumu mwaka mmoja tu, na asiitumie pasipoti ya nchi aliyoikimbia bila kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji.